Mwangaza mkali unaopita mbinguni usiku: kimondo ni nini, na mtu afanye nini akikiona?

Mwangaza mkali ukipita mbinguni usiku mashariki mwa Congo, wazo la kwanza la watu wengi ni bomu. Wengine wanasema ni ndege imepigwa, wengine ni droni, wengine wanasema mwisho wa dunia umefika. Mama anaita watoto, majirani wanatoka inje, telefone zinaanza kulia, na kwa muda mfupi ujumbe wa WhatsApp umekwisha kuvuka milima na ziwa. Kwa wakaaji walioishi na vita miaka mingi, woga wa namna hiyo si ujinga.

Lakini kuko mwangaza mwingine ambao haukutumwa na mtu yeyote. Ni kimondo, jiwe linalotoka mbali sana angani na kuingia katika hewa ya dunia kwa kasi kubwa. Mara nyingi kinapita bila kudhuru hata kuku. Mara chache kinavunja vioo na kujeruhi watu. Makala haya yanaeleza kimondo ni nini, namna ya kukitofautisha na bomu ao satelite, na mambo mawili yanayoweza kulinda uzima wa mtu: kukaa mbali na dirisha nyuma ya mwangaza mkali, na kutogusa chuma ambacho mtu hakijui.

Kimondo ni nini?

Katikati ya jua na sayari kunazunguka mawe mengi sana, makubwa kwa madogo. Mengine ni makubwa sawa na mlima, mengine ni sawa na nyumba, lakini yaliyo mengi hayapiti chembe ya mchanga. Dunia nayo iko mwendoni: inazunguka jua kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa sekunde moja. Katika safari hiyo inakutana na yale mawe kila siku. Jiwe linaingia katika hewa yetu kwa kasi ya kilomita 11 mpaka 72 kwa sekunde.

Ule mstari wa mwangaza unaopita haraka njo watu wanaita nyota inayoanguka, ao kwa Kifaransa étoile filante. Kusema kweli hakuna nyota inayoanguka. Nyota ni jua la mbali, kubwa kupita dunia yetu mara nyingi. Kinachoonekana ni kajiwe kadogo kinachoungua kule juu, karibu kilomita 100 kutoka chini, na kinakwisha mbele ya kufika popote.

Jiwe likiwa kubwa kidogo, mwangaza unazidi. Ukipita ule wa nyota ya asubuhi, ile Zuhura inayoonekana mbele ya jua kutoka, wataalamu wanakiita bolide. Kuna bolide inayoangaza mpaka vivuli vya miti vinaonekana chini, sawa vile umeme umewashwa kwa ghafla. Na kama kipande cha jiwe kimefaulu kufika mpaka udongoni, kipande hicho kinaitwa météorite. Kwa Kiswahili neno kimondo linatumiwa kwa vyote, mwangaza na jiwe. Katika makala haya, kile kinachookotwa chini kitaitwa jiwe la kimondo.

Kwa nini kinang'aa, na rangi zinatoka wapi?

Kila mtu aliyepiga pompi ya kinga anajua kwamba kisha dakika chache pompi inakuwa ya moto. Hewa ikisukumwa kwa nguvu mahali padogo inapata joto. Jiwe linaloingia kwa kasi ya kilomita 15 ao 20 kwa sekunde linasukuma hewa iliyo mbele yake kwa nguvu isiyo na mfano. Hewa hiyo inapata joto la maelfu ya digri, inawaka, na uso wa jiwe unayeyuka.

Rangi inategemea vitu vilivyo ndani ya jiwe. Sodiamu, ambayo iko hata katika chumvi ya kupikia, inatoa rangi ya manjano. Magneziamu na nikeli zinatoa kijani. Hewa yenyewe inaweza kutoa wekundu. Kwa hiyo mtu akisema ameona moto wa kijani kupita juu ya ziwa, asichekwe. Vimondo vingi vyenye nguvu vinaonekana kijani, na rangi hiyo peke yake haiko alama ya sumu wala ya silaha ya ajabu.

Mwendo wote unachukua sekunde mbili, tatu, mara chache kumi. Mwishoni kimondo kinaweza kupasuka na kutoa cheche, ao kuacha mstari wa moshi unaobaki mbinguni dakika kadhaa huku upepo wa juu ukiukunjakunja.

"Kimeanguka nyuma ya kile kilima"

Kosa hili linafanywa inchi zote. Kimondo kikipita, karibu kila aliyekiona anasema kimeanguka karibu: nyuma ya kilima, katika shamba la jirani, ndani ya ziwa. Kumbe mara nyingi kilizimika kikiwa juu sana, zaidi ya kilomita 30, na mbali kilomita mamia kutoka kwa aliyekitazama.

Sababu ni macho. Usiku hakuna kitu cha kupimia umbali mbinguni. Mwangaza ukiwa mkali, akili inafikiri uko karibu. Kitu kinachopita juu kilomita 80 kinaweza kuonwa na mtu wa Goma, wa Bukavu na wa Beni kwa wakati mmoja, ingawa kutoka Goma mpaka Bukavu ni karibu kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Goma mpaka Beni ni zaidi ya 200. Kila mmoja atasema kimeanguka kwao. Hakuna anayedanganya. Ila wote watatu wakikimbia kutafuta nyuma ya kilima chao, wote watarudi mikono mitupu, na katika maeneo yenye mabomu yaliyosahaulika ardhini, kutafuta usiku porini ni hatari kupita kimondo chenyewe.

Chelyabinsk 2013: mwangaza kwanza, mshindo nyuma

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Urusi. Siku ya ijumaa tarehe 15 Februari 2013, saa tatu na dakika 20 asubuhi kwa saa ya kule, wakaaji wa mji wa Chelyabinsk waliona kitu kinavuka mbingu na kuangaza kupita jua. Ilikuwa majira ya baridi, theluji iko chini, watu wanaenda kazini na watoto wamekwisha kuingia masomo. Waendeshaji wengi wa Urusi wanaweka kamera ndogo ndani ya motokari, njo maana video za kimondo hicho ni nyingi sana mpaka leo.

Kufatana na hesabu za wataalamu, jiwe lilikuwa na upana wa karibu metre 20 na uzito unaopita tani 10 000. Liliingia kwa kasi ya karibu kilomita 19 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kutoka Goma mpaka Bukavu ni sekunde tano. Lilipasuka likiwa juu karibu kilomita 30, kwa nguvu inayokadiriwa kuwa karibu mara 30 ya bomu la Hiroshima. Kama lingepasuka karibu na ardhi, habari ingekuwa nyingine kabisa.

Kilichojeruhi watu ni kilichofuata. Mwangaza unasafiri haraka sana, unafika palepale. Sauti iko polepole: inahitaji sekunde tatu kwa kila kilomita moja. Kwa hiyo nyuma ya mwangaza kulikuwa kimya. Watu walifanya kile mtu yeyote angefanya: walienda kwenye madirisha kutazama ule mstari wa moshi. Dakika mbili na zaidi zilipita. Halafu msukumo wa hewa ukafika mjini, na vioo vikavunjika kwa wakati mmoja kwenye nyuso za watu.

Karibu watu 1 500 walienda kutafuta matibabu, wengi wao kwa sababu ya vipande vya kioo. Majengo zaidi ya 7 000 yaliharibika, mengi madirisha tu, lakini kiwanda kimoja cha zinki kilipoteza sehemu ya dari na ukuta. Hakuna mtu aliyekufa kwa kupigwa na kimondo.

Katika shule moja ya mji huo, mwalimu wa darasa la nne alipoona mwangaza hakujua ni nini. Aliwaamuru wanafunzi wake 44 wajifiche chini ya meza. Wengi mjini walikuwa wakikimbilia dirisha wakati huo. Mshindo ulipofika na kuvunja vioo, hakuna mtoto hata mmoja wa darasa lile aliyekatwa. Mwalimu mwenyewe, aliyebaki amesimama, alijeruhiwa. Hakuwa mtaalamu wa mambo ya anga. Alifata tu ile kanuni ya zamani kwamba nyuma ya mwangaza mkali kunaweza kuja mshindo.

Miezi nane kisha, mwezi wa Oktoba 2013, wazamiaji walitoa chini ya ziwa Chebarkul kipande cha jiwe hilo. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 600, na mizani iliyokuwa hapo ilivunjika wakati wa kukipima.

Karibu na kwetu: Mbale, Sudani, Botswana na Katanga

Vimondo havichagui inchi. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana, mawe mengi yalianguka juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Watu walisikia milio mfululizo, halafu mawe yakaanguka kwenye paa za nyumba na mashambani. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kajiwe ka gramu tatu hivi, lakini kalikuwa kamepita kwanza katika majani ya migomba, kakapunguza kasi, naye hakuumia. Wataalamu waliokuja nyuma walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza wakaaji, na kwa msaada wao wakachora ramani ya mahali kila kipande kilipoangukia.

Sudani ni historia nyingine. Tarehe 6 Oktoba 2008, darubini moja ya Marekani iliona jiwe dogo likija kuelekea dunia. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia jiwe kuonekana angani mbele ya kuanguka. Wakahesabu, wakasema litaingia juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudani, chini ya saa 24. Lilifika asubuhi ya tarehe 7, kama walivyosema. Kisha wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Khartoum, wakiongozwa na Muawia Shaddad pamoja na mtafiti Peter Jenniskens, walijipanga mstari mrefu jangwani na kutembea wakitazama chini. Waliokota vipande mamia. Mawe yale yanaitwa Almahata Sitta, maana yake Kituo cha Sita, jina la kituo cha gari la moshi kilicho karibu.

Tarehe 2 Juni 2018 jambo hilo likarudia Botswana. Jiwe lilionekana masaa machache tu mbele ya kuanguka, likaangaza mbingu jioni juu ya jangwa la Kalahari, na vipande vikapatikana ndani ya mbuga ya wanyama.

Kuko pia mawe ya zamani ambayo hakuna anayejua siku yalipoanguka. Tanzania ina kimondo cha Mbozi, upande wa Songwe, kipande cha chuma chenye urefu wa metre tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Namibia ina kile cha Hoba, kikubwa kupita vyote vinavyojulikana duniani, karibu tani 60.

Congo nayo iko na alama yake. Mwaka 2011 wataalamu walithibitisha kwamba duara kubwa la Luizi, huko Katanga, lenye upana wa karibu kilomita 17, lilichimbwa na jiwe lililotoka angani zamani sana, mbele ya binadamu kuwapo. Ilikuwa shimo la kwanza la namna hiyo kuthibitishwa katika Afrika ya kati. Anayetembea pale anaona vilima na mito tu. Ni picha za satelite na mawe yaliyopondwa kwa nguvu ya ajabu vilivyotoa ushahidi.

Ni kimondo ao ni kitu kingine?

Katika inchi yenye vita swali hili lina uzito. Hakuna kipimo kinachotoa jibu kamili kwa macho tu, lakini kuko alama zinazosaidia.

Kimondo kinapita haraka. Kinavuka mbingu kwa sekunde chache, kwa mstari ulionyooka, kisha kinazimika. Hakisimami, hakigeuki, hakirudi. Kwa kawaida hakina sauti kabisa, na kama mshindo unakuja, unakuja dakika moja ao zaidi nyuma ya mwangaza.

Satelite ya zamani ao kipande cha roketi kinachorudi duniani kinafanana na kimondo, lakini kinaenda polepole. Kinaweza kuonekana dakika nzima, kimekatika vipande vingi vinavyofuatana sawa vile taa za motokari kwenye barabara. Baadhi ya vipande vinafika chini. Tarehe 30 Desemba 2024, duara la chuma lenye upana wa metre 2,5 na uzito wa karibu kilo 500 lilianguka katika kijiji cha Mukuku, wilaya ya Makueni, inchini Kenya. Shirika la anga la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyejeruhiwa.

Roketi ya kuangaza ambayo waaskari wanarusha usiku inapanda kwanza kutoka chini, kisha inashuka polepole na kuangaza eneo moja kwa muda. Risasi za moto zinatoka chini mahali pamoja, moja nyuma ya nyingine. Bomu linalolipuka karibu, mwangaza na mshindo vinafuatana kwa sekunde chache tu. Ndege na droni zina taa ao sauti, na zinaweza kugeuka. Kwa wakaaji wa Goma na pembezoni, wekundu unaobaki usiku kucha juu ya Nyiragongo ni mwangaza wa volkano, si kimondo. Na radi bila mvua inawaka na kuzima mara nyingi upande mmoja wa mbingu, wakati kimondo kinapita mara moja tu.

Mtu akiwa na mashaka, achukue lile la hatari zaidi. Ni afazali kulala chini bure juu ya kimondo kuliko kusimama inje kutazama bomu.

Jiwe lililookotwa: la angani, la volkano, ao chuma kinachoua?

Kisha kila kimondo, watu wanaanza kuleta mawe. Wengi wanafikiri wameokota mali. Lakini mashariki mwa Congo mawe meusi ni mengi, na yana asili tofauti.

Jiwe la kimondo lililoanguka karibuni lina ngozi nyeusi, nyembamba sawa vile rangi iliyopakwa, kwa sababu uso uliyeyuka. Ndani mara nyingi ni jivu. Ni zito kupita jiwe la kawaida la ukubwa ule, na sumaku inalivuta, kwa sababu lina chuma ndani. Halina matundu. Mawe yaliyojaa matundu, yale ya kujengea nyumba na kuta Goma, ni lava ya volkano. Mawe mazito meusi ya machimbo yanaweza kuwa kasiterite ao koltani. Uzito peke yake hautoshi.

Wengine wanasema jiwe la kimondo linaanguka likiwaka moto. Si hivyo. Linazimika likiwa juu, linaanguka dakika kadhaa katika hewa baridi, na mara nyingi linafika chini likiwa la uvuguvugu tu ao baridi. Kwa hiyo kitu kinachoendelea kuwaka ao kutoa moshi udongoni, kwa kawaida hakiko kimondo.

Hapa kuko hatari ya kweli. Katika eneo letu mashamba na njia zina mabaki ya vita: grenadi, roketi, mabomu ambayo hayakulipuka, yamefunikwa na kutu na udongo mpaka yanafanana na jiwe ao kipande cha chuma tu. Mtoto aliyesikia kwamba nyota imeanguka shambani anaweza kwenda kuitafuta na kuokota kitu kinachomuua. Kitu chenye umbo lililotengenezwa, chenye mapezi, mistari ya skrubu, maandishi, pete ao rangi ya kiwanda, hakikutoka angani. Kisiguswe, kisipigwe jiwe, kisitupwe ndani ya choo ao mtoni. Mahali pale paachwe kwa kurudi njia ileile mtu aliyokujia, watu wengine waonywe, na habari ipelekwe kwa shefu wa kijiji ao wa kartie ili iwafikie wategua mabomu. Kazi hiyo katika Congo inaratibiwa na kituo kinachoitwa CCLAM.

Na duara ao mtungi wa chuma uliotoka kwenye roketi pia usiguswe. Unaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu.

Imani, uvumi, na uzito wa neno la shahidi

Kila kabila lina maneno yake juu ya nyota inayoanguka. Kuko wanaosema mkubwa fulani amekufa. Kuko wanaosema ni baraka, mtu aombe jambo haraka. Kwa waislamu, Kurani inataja vimondo vinavyowafukuza mashetani. Mtu anaweza kuishi na imani yake bila shida. Shida inaanza pale mtu anapotumia woga wa wengine: anayesema jiwe ni dawa na kuliuza, anayemshitaki mwanamke mzee wa jirani kwamba ametuma moto, anayesambaza kwa telefone kwamba fulani ameshambulia mji. Kule Mbale kuko watu waliosaga vipande vya jiwe na kuvimeza wakitumaini kupona sida. Jiwe la kimondo halina dawa. Lina madini yaleyale yanayopatikana katika mawe ya dunia, pamoja na chuma na nikeli.

Upande mwingine, wakubwa wa elimu nao walikosea kwa kudharau wanakijiji. Kwa muda mrefu Ulaya, wasomi wengi walicheka wakulima waliosema mawe yanaanguka kutoka mbinguni. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe karibu 3 000 yalianguka karibu na mji wa L'Aigle, inchini Ufaransa. Serikali ilimtuma mtaalamu kijana, Jean-Baptiste Biot. Alitembea kijiji kwa kijiji, akasikiliza watu wa kila namna, akalinganisha maneno yao na mawe yaliyopatikana. Ripoti yake ilimaliza mabishano. Wakulima walikuwa wamesema kweli.

Mpaka leo njia ni hiyohiyo. Hakuna kamera za kutosha juu ya Afrika ya kati. Kimondo kikipita juu ya Masisi, Walikale ao Shabunda, ushahidi wa kwanza ni macho ya wakaaji. Ushahidi wa watu watano waliosimama mahali tofauti, wakisema saa ileile na upande walioona, unaweza kuonyesha njia yote ya jiwe.

Je, kuna mtu anayeweza kutuonya?

Kwa mawe makubwa, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Darubini za inchi mbalimbali zinafatilia usiku na usiku mawe yanayopita karibu na dunia, na yale makubwa sana yenye uwezo wa kuharibu dunia nzima, mengi yamekwisha kujulikana. Tarehe 26 Septemba 2022 shirika la anga la Marekani, NASA, liligongesha chombo kwa makusudi kwenye jiwe la Dimorphos, na njia ya jiwe hilo ikabadilika. Ni kusema, kama jiwe kubwa linaonekana mapema, linaweza kusukumwa.

Yale ya metre 20 sawa na la Chelyabinsk ni shida. Ni madogo, ni meusi, na likitoka upande wa jua, darubini za chini haziwezi kuliona. Lile la Chelyabinsk lilikuja hivyo, bila onyo. Mtu hawezi kungoja simu ya serikali. Anapaswa kujua mwenyewe la kufanya. Bahati nzuri, mawe ya ukubwa ule yanakuja mara chache sana, na mengi yanapasuka juu ya bahari ao mahali pasipo watu.

La kufanya ukiona mwangaza mkali

Ndani ya nyumba: usiende dirishani. Toka karibu na vioo, ingia chini ya meza ao nyuma ya ukuta, geuza uso na funika kichwa. Kaa hapo dakika tano, hata kama ni kimya. Walimu wanaweza kufundisha watoto zoezi hili kwa dakika chache. Linasaidia pia kwa bomu na kwa tetemeko la ardhi.

Inje: lala chini ao jikinge nyuma ya ukuta imara, mbali na mabati yaliyolegea na vioo. Usitazame mwangaza ulio mkali sawa na jua.

Kisha kutulia: andika saa kamili, mahali uliposimama, kimetokea upande gani na kuishia upande gani ukitumia kilima, kanisa ao mti kama alama, kimechukua sekunde ngapi, rangi yake, na kama kulikuwa mshindo, dakika ngapi nyuma ya mwangaza. Anayekuwa na intaneti anaweza kutuma maelezo hayo kwa shirika la kimataifa la vimondo, International Meteor Organization, ambalo linapokea ushuhuda kwa Kifaransa pia. Asiyekuwa nayo anaweza kuyapeleka kwa mwalimu wa sayansi wa masomo ya karibu ao kwa redio ya eneo lake.

Mbele ya kutuma ujumbe kwa wengine: sema ulichoona, si ulichofikiri. "Nimeona mwangaza wa kijani sekunde nne, ukaelekea magharibi" ni habari. "Wameshambulia" bila kujua ni kitu kinachoweza kukimbiza kartie nzima usiku, na katika kukimbia ovyo gizani njo wazee na watoto wanaumia.

Na asubuhi ikifika, watoto waambiwe wazi: anayeona jiwe jeusi ao chuma asichokijua shambani asikiguse. Aweke alama kwa mbali, arudi na njia yake, aite mtu mzima.